Ukipigiwa Simu na "Ofisa wa TRA"

Mwenye genge au fremu hapa Mabawa, Tanga, ana hofu mbili za kodi. Ya kwanza ni kudaiwa. Ya pili ni kutojua anadaiwa kiasi gani, tangu lini na kwa kosa lipi. Ya kwanza ina dawa yake ofisini. Ya pili ndiyo inayomlisha tapeli, na ndiyo nitakayohangaika nayo hapa.

Simu yenyewe huanza kwa adabu. "Shikamoo mama. Naongea na mwenye duka la vipodozi? Mimi ni ofisa wa makusanyo, TRA Mkoa wa Tanga." Analitaja jina lako lote kama lilivyo kwenye leseni. Anakusomea TIN yako, tarakimu zote tisa, bila kukosea hata moja. Kisha sauti inashuka kidogo. Kuna deni la mwaka juzi, limeshazaa riba, faili lako limepelekwa kwa kikosi kinachofunga maduka na gari linatoka saa nane. Lakini yeye ni kijana wa hapahapa, mama yake anauza samaki Deep Sea, hapendi kuona watu wa nyumbani wakidhalilishwa mbele ya majirani. Ukimtumia "mhasibu" laki na themanini sasa hivi, jina lako litatolewa kwenye orodha kabla gari halijawashwa.

Simu ya namna hiyo ina mambo matatu ndani yake: la kweli kidogo, la kutisha, na la huruma. Watu wengi hujihadhari na lile la kutisha. Mimi ningejihadhari zaidi na la huruma, kwa sababu mtu akikutisha unaweza kukasirika na kukata simu, ila akikuonea huruma unajiona mkosefu wa fadhila ukimuuliza kitambulisho.

Ameijuaje TIN yangu?

Hili ndilo linalowaangusha wengi. "Alijua kila kitu changu," utamsikia aliyepigwa akisema. Basi inua macho utazame ukuta wa duka lako. Leseni ya biashara imetundikwa pale kwa sababu sheria inataka ionekane, na ina jina lako na TIN. Cheti cha TIN kimewekwa kwenye fremu ya kioo kando yake. Risiti ya mashine ya EFD unayompa kila mteja imechapwa jina la biashara na TIN, na mara nyingi namba ya simu pia. Mtu anayenunua soda ya baridi na kuinua simu yake kama anayesoma ujumbe, ameondoka na vyote. Mwingine hahitaji hata kufika Tanga, kwani picha za leseni huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp watu wanapoombana vielelezo vya tenda au mkopo.

TIN haikuwekwa iwe siri. Siri zako ni namba ya siri ya pesa za simu, neno la siri la akaunti yako ya mlipakodi kwenye mtandao wa TRA, na ile namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe mfupi unapofungua akaunti. Mtu anayekutajia TIN hajathibitisha chochote. Mtu anayekuomba mojawapo ya hizo tatu amejithibitisha kuwa tapeli, hata kama anaongea kutoka ndani ya jengo la serikali.

Usiiamini sana programu ya Truecaller pia. Jina linalojitokeza pale limeandikwa na watu tu; tapeli na wenzake watano wakiihifadhi namba yao kama "TRA Tanga Makusanyo", na wewe utaiona hivyo hivyo. Nembo ya TRA kwenye picha ya WhatsApp inapakuliwa kwa sekunde chache. Usimpime mpigaji kwa anachokijua. Mpime kwa anachokitaka, na kwa haraka anayokitakia.

Kodi ya kweli ina mwendo wake

Kuna ushauri unaozungukazunguka kwamba TRA haimpigii mtu simu kamwe. Usiushike. Maofisa hupiga simu kukumbusha tarehe, kumwita mtu ofisini, kuuliza ritani ambayo haijafika. Ukiwajibu wote kwa matusi utakuja kumtukana anayekusaidia kweli. Tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya salamu.

Kodi yoyote ya TRA hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo sote tunaiita kontroo namba. Inatoka kwenye mfumo wa malipo ya serikali, ina tarakimu 12, na unailipia benki, kwa wakala wa benki au kwenye simu, kwenye menyu ya malipo ya serikali. Pesa inaingia kwenye akaunti ya serikali moja kwa moja. Hapo katikati hakuna "mhasibu", hakuna "namba ya bosi", hakuna lipa namba ya duka la mtu. Ukiambiwa mfumo uko chini kwa hiyo utumie kwenye namba ya kawaida kisha watakuingizia wao, jibu ni kwamba utasubiri mfumo ukirudi. Mfumo ukiwa chini kweli, TRA nayo inajua hivyo.

Hapa pana mtego ambao watu wajanja hunaswa nao, kwa sababu wameshajifunza kudai kontroo namba. Tapeli naye anaweza kukupa kontroo namba halali kabisa, ila ikawa ya bili yake mwenyewe au ya mtu mwingine anayemlipia kwa kukata cha juu. Umelipa serikalini, ni kweli, ila deni ulilolipa si lako. Kwa hiyo kabla ya kulipa namba uliyopewa kwa simu, ipeleke benki au kwa wakala wa benki uombe usomewe vitu vitatu: jina la anayedaiwa, taasisi inayodai na malipo ni ya nini. Jina likiwa si lako, usilipe. Bora kuliko hapo ni kuitoa namba hiyo mwenyewe kupitia akaunti yako kwenye tovuti ya TRA, inayoishia na tra.go.tz, au kuichukua dirishani. Mashirika ya serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia go.tz, hivyo kiungo cha ujumbe kinachoishia kwingine na kukutaka upakue "programu mpya ya TRA" usikibonyeze hata kwa udadisi.

Lingine ni muda. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, mlipakodi asiyekubaliana na makadirio aliyopewa ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Makadirio yenyewe huja kwa maandishi, yana tarehe, mwaka wa mapato na hesabu. Deni linalozaliwa saa sita mchana na kutakiwa limalizwe saa nane ni deni la tapeli. Sisemi kwamba TRA haifungi duka. Inaweza, na wenye biashara hawaogopi kivuli. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao wakilalamikia, pamoja na mengine, kamatakamata za kikosi kazi cha kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza. Habari zile zilifika hadi vibarazani kwetu, na kila aliyezisikia akabaki na picha ya gari linaloshusha watu mbele ya duka. Tapeli anakodisha picha hiyo bure.

Madeni wanayoyapenda

Namna ya haraka ya kumjua mwongo ni kujua hesabu yako kabla hajapiga. Nitapita kwenye madai yanayowahusu zaidi watu wa mtaa kama huu.

Kodi ya mapato ya makadirio ndiyo kubwa. Mfanyabiashara mdogo hukadiriwa mwanzoni mwa mwaka na kulipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tarehe hizo kila mtu anazijua, tapeli naye anazijua, kwa hiyo simu ya wiki ya mwisho ya Machi isikushangaze. Kwa jedwali lililowekwa 2019 na kurekebishwa 2022, mtu ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hana kodi hiyo ya kulipa. Anayeuza kati ya milioni 4 na 7 bila kutunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka. Kati ya milioni 7 na 11, 250,000. Kuanzia hapo hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo, na kumbukumbu ni lazima. Viwango hubadilika bungeni kwenye bajeti ya Juni, hivyo kila Julai ulizia vya mwaka huo. Sasa fanya hesabu: kama umekadiriwa laki mbili na nusu kwa mwaka mzima na umeshalipa awamu mbili, mtu anayekudai laki nane kwa simu anapaswa akueleze zimetokea wapi. Mara nyingi hawezi, kwa sababu hajui hata kundi ulilopo. Yeye amepiga namba arobaini asubuhi hiyo kwa kiasi hichohicho.

Hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Anayetapeliwa kirahisi zaidi ni yule ambaye hesabu zake hajazitazama kwa miaka miwili, hakwenda kukadiriwa, na moyoni anajua. Simu inapoita anaona imefika siku aliyokuwa akiiogopa, na laki na themanini inaonekana nafuu kuliko kwenda kuulizwa. Kwenda kuulizwa ni nafuu zaidi. Deni la kweli hupangiwa awamu ukiomba. Tapeli ukishamlipa mara moja atarudi mwezi ujao na deni jingine, kwa kuwa umemwonyesha kwamba unalipa.

Kodi ya jengo ni rahisi kuimaliza. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Ya ghorofa 7,500 kwa kila ghorofa. Ukinunua umeme unayaona makato yake kwenye ujumbe wa tokeni. Kwa hiyo mzee aliyestaafu bandarini, mwenye nyumba yenye mita moja, akipigiwa simu kwamba anadaiwa kodi ya jengo ya miaka mitatu na nyumba itapigwa mnada, amwombe mwanawe amfungulie ujumbe wa LUKU wa mwezi uliopita. Kodi ya pango la ardhi ni kitu kingine, inahusu kiwanja na iko chini ya wizara ya ardhi, nayo hulipwa kwa kontroo namba vilevile.

Kwa wenye fremu za kukodi kuna kodi ya zuio: mpangaji wa biashara hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Hii ni ya kweli, na watu wengi hawaielewi, ndiyo maana tapeli huipenda. Ukitajiwa, usiikane wala usiilipe kwenye simu. Nenda na mkataba wako wa pango ofisini.

Vijana wa bodaboda huambiwa pikipiki ina deni la leseni ya barabara tangu iliponunuliwa. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto ilifutwa kwenye bajeti ya 2017, enzi za Waziri wa Fedha Philip Mpango, ikahamishiwa kwenye mafuta. Pikipiki iliyosajiliwa 2020 haiwezi kudaiwa leseni hiyo ya 2021.

Halafu kuna mzigo. Pwani hii ina bandari, ina mpaka wa Horohoro, na ina watu wenye ndugu Mombasa, Muscat na London, kwa hiyo maneno "mzigo wako umezuiwa forodhani" yanaingia masikioni bila kubisha hodi. Kuna wa aina mbili. Wa kwanza ni rafiki wa Facebook, daktari au mwanajeshi wa nchi za mbali, aliyekutumia sanduku lenye saa, simu na dola. Kisha "ofisa wa forodha" anapiga akitaka ushuru ulipwe leo kabla sanduku halijafunguliwa. Sanduku halipo. Ushuru wa forodha hukadiriwa kwa nyaraka za mzigo uliopo, na mzigo uliopo una namba ya kuufuatilia kwa aliyeusafirisha. Wa pili ni mnada: mafuta ya kula, pikipiki, simu, friji "vilivyokamatwa", nusu bei, tuma kidogo ushike nafasi. TRA hunadi mali kwa tangazo la wazi linaloonekana kwenye njia zake rasmi. Haiuzi kwa kunong'ona.

Na nafasi za kazi. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapindukia laki moja na thelathini. Pale penye vijana wengi hivyo wenye vyeti na njaa, mtu wa "nina mjomba ndani, tuma ya usaili" hakosekani. Usaili wa TRA haulipiwi.

Simu iko hewani, kidole kiko kwenye menyu

Mtindo unaouma zaidi ni ule wa kukuongoza. Hakwambii utume pesa. Anasema anahakiki taarifa zako, usikate simu, weka spika, ingia kwenye menyu ya pesa kama kawaida. "Chagua namba moja. Sawa mama. Sasa weka namba ya ofisi yetu." Namba ya ofisi ni namba yake ya simu, au ya wakala aliye naye upande wa pili. "Sasa weka namba ya faili: moja, nane, tano, sifuri, sifuri, sifuri." Namba ya faili ni shilingi 185,000. "Malizia kwa namba yako ya siri, usinitajie mimi, ni siri yako." Hapo anakuheshimu kabisa, na wewe unajiona uko salama kwa sababu hukuitaja.

Kinga yake iko kwenye skrini yako mwenyewe. Kabla ya namba ya siri, menyu hukuonyesha unafanya nini, kiasi gani, na kwa nani. Soma. Ukikuta jina la mtu usiyemjua mahali ulipotarajia serikali, futa. Kwa kifupi zaidi: usifungue menyu ya pesa wakati unaongea na mgeni, kwa sababu yoyote. Hakuna uhakiki wa kodi unaopita kwenye menyu ya kutuma pesa. Usibonyeze pia namba za nyota na reli unazoamriwa. Nyingine huhamisha simu zako ziingie kwake.

La kusema

Hodari wa kubishana barabarani hushindwa kwenye simu hizi, kwa kuwa tapeli amezoea ubishi na ana jibu la kila swali. Usibishane. Sema polepole: "Nimekusikia. Nipe jina lako kamili, namba ya kitambulisho chako na kituo chako. Nitakuja ofisini mwenyewe." Ofisa wa kweli atatoa, na pengine atafurahi. Tapeli atakwambia ofisi imehamia, au bosi yuko safarini, au ukija leo utakamatwa mlangoni. Akisema hivyo umeshamaliza kazi, kata.

Kisha piga wewe. Usirudishe simu kwenye namba ileile, wala kwenye namba aliyokupa "uhakikishe". Kituo cha huduma cha TRA kina namba za bure: 0800 750 075, 0800 780 078 na 0800 110 016. Waulize kama TIN yako ina deni. Au funga duka nusu saa, panda bajaji, nenda dirishani. Huduma ya TIN ni bure, kuuliza deni ni bure, na ukitoka pale omba karatasi.

Usifanye haya peke yako ukiwa umetetemeka. Mpigaji atasisitiza usimwambie mtu, suala ni la siri. Mwambie mtu. Mwite jirani wa fremu ya pili asikie spika. Uongo huu unahitaji masikio mawili tu; yakiwa manne unaanza kuchekesha.

Wakija kwa miguu

Kuna vishoka wasiopiga simu. Wanaingia dukani wakiwa na faili, pengine na fulana ya kijani au njano, na mmoja amevaa kitambulisho kilichogeuzwa mgongo. Ofisa wa TRA anapaswa kujitambulisha na kuonyesha kitambulisho chake. Una haki ya kukisoma mbele na nyuma na kupiga simu ofisini kuuliza jina hilo kabla ya kutoa daftari. Mwombe mwenyekiti wa mtaa au mjumbe aje ashuhudie. Usitoe pesa taslimu mkononi, hata kama wameshika kitabu cha stakabadhi.

Ila shaka isiwe rungu. Desemba 2024, Tegeta jijini Dar es Salaam, watumishi wa TRA waliokuwa wakifuatilia gari walishambuliwa na watu waliodhani ni watekaji, na mmoja wao akafariki. Walikuwa kazini kweli. Ukimshuku mtu, hakiki, ita mashahidi, ita polisi kwa 112. Asiguswe.

Na kama kitambulisho ni cha kweli, jina limethibitishwa, ila mwenye nacho anasema "tumalizane hapahapa kimyakimya", hilo si la polisi wa mtandao. Hiyo ni rushwa, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Wako wanaolipa kwa kudhani wanaokoa. Wamelipa na deni lao bado liko kwenye mfumo, halijapungua hata senti.

Umeshatuma

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, ukitumia laini iliyotuma pesa, na useme neno moja: nimetapeliwa. Taja namba ya muamala, kiasi na namba iliyopokea. Kama pesa haijatolewa kwa wakala, inaweza kuzuiwa; ikishatolewa, habari inabadilika. Wenzake tapeli husubiri wamesimama kwenye mlango wa wakala, kwa hiyo usianze kwa kumpigia ndugu kulia. Kulia kutafuata.

Usifute chochote. Rekodi ya simu, ujumbe, picha ya WhatsApp, vyote ni ushahidi. Nenda kituo cha polisi, Chumbageni au kilicho karibu nawe, utoe taarifa upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa hiyo. Kampuni ya simu itaihitaji ili itoe taarifa za mwenye namba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine na kutapeli kwa vifaa vya elektroniki, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ulitoa mwenyewe kwa hiari yako. Namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pia kwa kutuma ujumbe kwenda 15040 na kufuata maelekezo utakayojibiwa. Ni namba hiyohiyo ya kuripoti zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" ambazo kila Mtanzania mwenye simu ameshazipokea.

Siku mbili baadaye jiandae kwa simu nyingine: mtu wa "kitengo cha kurejesha fedha", ameona kesi yako, anataka ada ndogo ya kufungulia. Ni walewale, au wamekuuza kwa wenzao. Huduma kwa wateja ya mitandao yetu, ikikupigia, inaonekana kwa namba 100. Ikija kwa namba ya kawaida, hiyo si huduma.

Laini iliyosajiliwa kwa kidole chako

Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza 2019, kila laini ina mwenye nayo. Tapeli anajua hilo, ndiyo maana hatumii ya jina lake. Anatumia ya mama aliyesajiliwa chini ya mwavuli sokoni, ambaye aliambiwa "kidole hakijasoma, weka tena", akaweka mara tatu, zikatoka laini tatu. Akapewa moja. Piga *106# uone ni namba ngapi zimeunganishwa na kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho ukaikane na ifungwe. Wafanyie hivyo wazazi wako pia, kwani wao ndio hupenda kuwekesha vidole kwa kila kijana mwenye fulana ya kampuni.

Wazee wana udhaifu mmoja zaidi, nao ni kuogopa serikali. Mtu aliyelelewa enzi za kukimbizwa kwa ajili ya kodi ya kichwa hakatishi maneno ya mtu anayejiita ofisa. Usimwambie "usiwe mjinga". Mpe sentensi ya kumwondoa: "Mambo ya kodi anayo mwanangu, mpigie yeye." Itamtosha.

Ndugu zetu walio nje nao hawajasalimika, maana mchezo huu si wa Tanga. Oktoba 2016 serikali ya Marekani iliwashtaki watu na kampuni 61 kwa mtandao wa vituo vya simu vya India, hasa Ahmedabad, vilivyowapigia wakazi wa Marekani kwa jina la mamlaka ya kodi ya huko, IRS. Walioitikia waliambiwa polisi wako njiani, walipe kwa kadi za pesa zinazonunuliwa madukani. Wengi wa waliolengwa walikuwa wazee na wahamiaji. Mwaka 2018 mahakama moja ya Houston iliwahukumu 21 kati ya washiriki, baadhi yao hadi miaka 20 jela. Mjomba wako aliye Marekani akipigiwa na IRS, ajue ofisi hiyo kwa kawaida huanza kwa barua ya posta. Wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka wajue kwamba serikali ya Kenya nayo hupokea malipo yake ya simu kupitia paybill moja, 222222, na si kwa namba ya mtu aliyesimama mpakani Lungalunga.

Zilizobaki ni kazi za jioni moja. Kusanya makadirio ya mwaka huu, risiti za awamu ulizolipa, mkataba wa pango na tokeni za LUKU uviweke kwenye faili moja lililo dukani, siyo nyumbani chini ya godoro. Mwonyeshe msaidizi wako lilipo, kwa kuwa tapeli hupenda kupiga ukiwa umekwenda soko la Mgandini kununua mali, akamtisha binti aliyebaki kaunta hadi akatoa mauzo ya siku. Mwambie binti kwamba hana ruhusa ya kulipa kodi yoyote, hata shilingi mia, na hatalaumiwa duka likifungwa kwa sababu hiyo. Kisha ziandike namba za TRA, 100, 112, 113 na 15040 kwa kalamu nyuma ya daftari la madeni, kwani siku utakayozihitaji huenda simu yenyewe ndiyo iliyofungiwa.